Jiwe Analoliruka Digrii

Jirani yetu tulimwita Digrii, maana hakuwa na kingine. Shahada ya historia, daraja la kwanza, na soli zilizotoboka kwa kubisha hodi maofisini. Sori, nafasi zimejaa. Kwa hiyo bustani kongwe ya mji ilipomwita kwa majaribio ya kutembeza wageni, shati alilipiga pasi mpaka likang'aa.

Sharti lilikuwa moja: aje na ndugu wa damu.

"Wa kukutia moyo," alisema msimamizi, mama mwenye sauti ya asali. "Hapa sote tulianza hivyo."

Akamleta mdogo wake wa kike, yule aliyeacha shule ili ada imtoshe kaka. Alivaa kandambili za buluu. Mkanda mmoja ulikuwa umekatika, akaufunga mwenyewe kwa waya, kwa fundo lake la pekee.

Ilikuwa mchana mweupe, watoto wakikimbizana kwenye nyasi. Nyuma ya maua ilianza njia ya kale: mawe yaliyolazwa kati ya kuta mbili, ya kupita mmoja mmoja. Digrii akaona kituko. Kila mtembezaji mzoefu aliyepita pale aliruka jiwe moja. Kila mmoja na lake.

"Watu wazima wanaogopa mawe," akanong'ona.

"Kaka, pata kazi kwanza. Kejeli baadaye."

Msimamizi akabaki mlangoni. "Ukifika katikati uliza kama wote wapo. Ila usigeuke mpaka utoke. Mtembezaji anayegeukageuka hatumtaki."

Wakaingia. Digrii mbele, wageni wachache nyuma yake, mdogo wake mwisho.

Katikati palikuwa na baridi. Kelele za watoto zikakatika.

"Wote mpo?"

"Tupo," wakajibu wageni.

"Tupo," zikajibu sauti nyingine. Kutoka chini.

Kisha mdogo wake, polepole: "Kaka. Mguu wangu."

Digrii akasimama. Akafikiria mshahara. Intavyuu ni intavyuu.

Akatembea.

"Kaka."

Akatembea.

Walipotoka, wageni walipiga picha wakicheka. Digrii akarudi mbio. Njia ilikuwa tupu. Katikati palikuwa na jiwe ambalo hakuliona awali, limeota kuvu, limelika kama lililokanyagwa na mababu. Ubavuni mwake ulichomoza mkanda wa buluu.

Msimamizi akamkabidhi sare. Ilimkaa sawasawa. "Hongera, mwanangu."

Nyumbani mama akauliza, "Mwenzako yuko wapi?"

"Naye kapata kazi. Mbali."

"Wote wawili? Mungu si Athumani." Mama akalia kwa furaha.

Ukienda leo utamkuta Digrii anachekesha wageni kweli kweli. Akifika katikati, anaruka.

Juzi aliteleza, akalikanyaga. Lilikuwa na joto.

Jioni akavua kiatu, akavua na soksi. Kwenye kidole gumba palikuwa na waya mwembamba, umezama kwenye nyama, umefungwa fundo. Fundo lile lile la mdogo wake.

Kila akiukata, asubuhi anaukuta. Umekazwa zaidi.