Damu ya Kooni

Tangu mkewe afariki, Albano, fundi seremala wa Mbagala, alikuwa hazungumzi na watu. Jioni alirudi, akapika uji, akanywa na binti yake Monica, basi. Wapangaji wenzake aliwajua kwa sura tu.

Kisha Monica alifanyiwa upasuaji wa kutolewa mafindofindo kooni. Pale hospitali kila mtoto alikuwa na mama au shangazi. Albano alikaa peke yake kwenye benchi. Nesi alipompa maelekezo ya nyumbani, aliitikia tu. Mawazo yake yalikuwa mbali.

Mtoto aliendelea vizuri. Siku ya saba, adhuhuri, akasinzia mkekani. Albano akaona anamezameza bila kukoma.

"Vipi, mama?"

Monica akakohoa. Damu mbichi ikamtoka mdomoni.

"Lala chali, mwanangu. Itakata yenyewe," Albano alisema. Amwite nani? Jina lililomjia lilikuwa la mkewe.

Akatoka uani. "Jamani, nisaidieni! Mwanangu katolewa mafindofindo juzi, sasa anatoka damu!"

Najma, nesi wa zahanati, alikuwa anafua. Waliishi chumba kwa chumba, lakini hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu. Aliacha nguo, akaja mbio.

"Usimlaze chali, baba Monica! Damu itamziba pumzi. Mkalishe, ainame mbele. Monica, tema mama, usimeze."

Albano akachukua kikombe cha maji.

"Hapana. Asile wala asinywe kwa sasa. Huenda wakamrudisha chumba cha upasuaji. Twende hospitali."

"Lakini ni kidogo tu. Na ameanza kuacha."

"Hata kidogo, muwahishe. Kile kidonda cha kooni hufunikwa na utando mweupe. Utando ukibanduka, hata baada ya wiki nzima, damu inaweza kuanza kidogo, ikaacha, kisha ikaja kwa nguvu. Ulimwona anamezameza?"

"Nilimwona."

"Alikuwa anameza damu. Hiyo ni dalili."

Wakapanda bajaji. Albano alimshikilia mtoto akiwa ameketi, beseni mapajani. Damu ilianza tena; njia nzima Monica aliitema.

Hospitali walimpokea bila kungoja. Daktari alizuia damu, akamlaza kwa uangalizi.

"Mmewahi," alisema. "Akirudi nyumbani, anywe maji mara kwa mara, koo lisikauke. Dawa ya maumivu mpe tuliyoandika sisi tu. Nyingine huzidisha kutoka damu."

Safari hii Albano aliuliza, akauliza tena, mpaka akaelewa.

Monica aliporuhusiwa, wapangaji walitoka uani kumpa pole. Mwanaasha wa chumba cha mbele alisema mwanawe naye anangoja upasuaji huo.

"Ukiona damu, hata tone, usingoje," Albano alimwambia. "Mkalishe, ainame, ateme. Usimpe kitu cha kula wala kunywa. Mkimbize hospitali."

Hakuwa amesema maneno mengi hivyo tangu msiba. Najma akamsogezea kigoda. Albano akasita, kisha akaketi nao.