Friji Iliyokufa Mara Kumi na Moja

Walikutana kwenye foleni ya bucha, siku moja kabla ya Krismasi ya mwaka jana, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hatafuti mchumba. Watu walikuwa wamebanana hadi barabarani, panga linagonga gogo, muuza nyama anapiga kelele kwamba asiyejua anachotaka arudi nyuma. Mwanamke mwenyewe alikuwa katikati ya foleni, nyuzi za cherehani zimemganda begani kutoka kazini, anamfokea mdogo wake kwenye simu.

"Friji imekata roho! Nyama ya watu ishirini na tisa niiweke wapi, kichwani?"

"Imekata roho au imezimia tu?" sauti ikauliza nyuma yake.

Akageuka. Mwanamume mrefu, ovaroli la bluu, bisibisi imechomekwa mfuko wa kifuani pale wenzake wanapoweka kalamu.

"Kwani wewe daktari?"

"Wa mafriji. Nikishindwa kuifufua, jeneza juu yangu."

Akacheka, na kule kucheka ndiko kulikomponza. Jioni ile Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya friji jikoni kwake, na ilipofika Februari walikuwa wanaongea kwenye simu mpaka chaji inaisha.

Sasa, tatizo lilikuwa nyumba. Pale nyumbani kila mtu alimwita Dada Mkubwa, hata shangazi yake aliyemzidi miaka thelathini. Tangu mama yao afariki, miaka saba iliyopita, yeye ndiye aliyebaki na baba. Kaka zake wawili na mdogo wake wa kike walikuwa na nyumba zao, na kila Krismasi walikuja kula kwake, na waume, na wake, na watoto, na wakwe. Hakuna kikao kilichowahi kukaa kuamua hivyo. Ilianza tu, kama unyevu unavyoanza ukutani, na siku unaposhtuka rangi yote imebanduka.

Wachumba wawili walishafika pale kwa heshima zote. Shangazi aliwakaribisha chai, akawauliza swali moja tu: "Mkimchukua, kaka yangu atabaki na nani?" Chai iliisha, na wao hawakuonekana tena.

Ndiyo maana Fundi hakuja kama mchumba. Alikuja kama fundi. Dada Mkubwa alikuwa anachomoa plagi, anatangaza kwa masikitiko kwamba friji imekufa tena, na baada ya nusu saa mtu anabisha hodi mlango wa jikoni na begi lake la vyuma. Mara ya kwanza ulikuwa ugonjwa kweli. Mara kumi zilizofuata yalikuwa mapenzi.

Krismasi hii Fundi alikuwa amechoka kutibu mgonjwa mzima. Alipata kazi mji mwingine, kutunza vyumba vya baridi vya kampuni ya samaki, aanze tarehe tatu Januari. Alipiga simu saa tatu asubuhi, Dada Mkubwa akiwa na vitunguu mkononi na machozi ya vitunguu usoni.

"Mpenzi, leo wote watakuwepo?"

"Wote. Mpaka mama mkwe wa kaka."

"Basi nakuja. Nimevaa suti."

"Suti! Umeazima wapi?"

"Nyamaza wewe. Nakuja kumsalimia baba, nataja jina langu, naeleza nia yangu. Wewe useme neno moja tu: ndiyo, namfahamu, ni mtu wangu. Leo, mbele yao. Ukishindwa leo, nitajua nakwenda peke yangu."

"Sitashindwa, roho yangu."

"Niapie."

"Kwa vitunguu hivi."

Alicheka, akakata simu, akarudi kwenye vitunguu vyake. Ndani ya aproni alivaa gauni la zambarau alilolishona kwa wiki mbili, lenye kola ya kusimama na vifungo vidogo mgongoni. Hakuna aliyeliona. Kufikia saa sita, nyumba ilikuwa imejaa pomoni. Viti vya kuazima vilifika hadi korido, na kila dakika mtu alipasua hewa: Dada Mkubwa, maji! Dada Mkubwa, mtoto kamwaga! Dada Mkubwa, kwani wali bado? Wifi zake waliingia jikoni, wakasema "Pole, tukusaidie nini?", wakatoka kabla hajajibu. Kwenda sebuleni hakuweza, njia imezibwa na magoti ya watu. Kwenda nje hakuweza, mafuta yapo motoni.

Saa saba kasoro Fundi akaingia kwa mlango wa mbele. Suti ya kijivu, viatu vinang'aa, keki kwenye boksi. Dada Mkubwa alimwona kwa upenyo wa mlango wa jikoni, moyo ukamlipuka paa. Akajifuta mikono. Akavuta pumzi. Akapiga hatua.

"Pisheni njia! Pisheni!"

Walikuwa kaka zake, wamebeba boksi refu kuliko wao, jasho linawatiririka. Boksi likatua katikati ya sebule, na kaka aliyemfuata kuzaliwa akagonga glasi kwa uma.

"Dada Mkubwa, njoo hapa mbele. Jamani, mwaka huu dada yetu ameteseka. Friji ile imekufa mara kumi na moja, tumehesabu! Basi sisi wadogo zako tumechanga. Hii hapa mpya. Miaka kumi na mitano hutamwita fundi!"

Vigelegele. Vifijo.

"Na kwa miaka hiyo kumi na mitano," akaongeza, "Krismasi ni hapa hapa!"

Makofi yakaongezeka. Watu walimkumbatia kushoto na kulia, na yeye akasikia kama anapigiliwa misumari, kila kumbatio msumari mmoja. Akasema asante. Ungefanyaje?

Shangazi ndiye aliyemwona Fundi. "Ehee! Na fundi naye kaja! Suti hiyo unakwenda kutengeneza friji ya nani, ya gavana?" Nyumba nzima ikacheka. "Nani kamwita?"

Fundi alimtazama Dada Mkubwa, akangoja. Na watu ishirini na tisa wakageuka kumtazama pia.

"Mimi," akasema. "Nimemwita... aiangalie ile friji."

Ni hivyo tu. Ulimi hauna mfupa, ukipinda umepinda.

Fundi akaweka keki chini. Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akafungua boksi. Aliisukuma friji mpya hadi jikoni, akaisawazisha miguu yake, akamwambia kaka mtu kwa upole, "Imekuja imelazwa kwenye gari. Iacheni isimame kwa muda wa saa nne kabla ya kuiwasha, mafuta ya mashine yarudi mahali pake."

Walipobaki wawili jikoni, Dada Mkubwa alimshika mkono. "Nisamehe. Nilishikwa na..."

"Najua ulishikwa na nini. Ni ndugu zako, si majambazi."

"Nipe mpaka jioni."

"Mwaka mzima nimepita mlango huu kama mwizi, mpenzi. Leo nimepita ule mwingine, ukanirudisha huku huku." Akachukua koti lake. "Chakula chema."

Akatoka.

Dada Mkubwa alipakua. Miaka saba mikono ilishajua njia: sahani ya baba kwanza, kisha wazee, kisha watoto. Kuku, wali, viazi. Yeye mwenyewe hakuwahi kukaa chini kula Krismasi, huwa anachovya vilivyobaki masufuriani. Simu ikatetemeka mfukoni.

"Niko nje ya geti," Fundi akasema. "Nimejaribu kuondoka, miguu imegoma. Nahesabu mpaka nijisikie mjinga."

"Umefika ngapi?"

"Nimeshajisikia mjinga kitambo. Naendelea tu."

Hapo ndipo kitu kikamkatika ndani. Alisimama katikati ya sebule na bakuli la mchuzi mikononi.

"Yule si fundi," akasema.

"Nani si fundi?" Shangazi akauliza, mdomo umejaa.

"Ni fundi, lakini ni mchumba wangu. Nampenda na nitaolewa naye. Friji haikuwa mbovu. Nilikuwa nachomoa plagi."

Vijiko vikasimama hewani. Mdogo wake akaziba mdomo, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Ina maana tumenunua friji nyingine bure?" kaka akauliza.

"Bure kabisa."

"Na kaka yangu atabaki na nani?" Shangazi akafyatuka.

"Dada, ngoja," baba akasema. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Swali ni langu, niache niliulize mwenyewe. Mwanangu, nitabaki na nani? Naogopa kweli."

Lingekuwa jambo jepesi kama angefoka. Machozi yalimtoka Dada Mkubwa, na safari hii hayakuwa ya vitunguu.

"Sijui, baba. Nakupenda, na sijui. Lakini una watoto wanne na wote wako hapa. Waulize."

Baba akamtazama mwanawe wa kiume. Yule akaanza kuchunguza mfupa wa kuku. Akamtazama wa pili, naye akakumbuka kumfuta mtoto kamasi. Mdogo wa kike hakucheka tena.

Dada Mkubwa akaweka bakuli mezani, akafungua aproni, akaitundika kwenye kiti cha Shangazi. Gauni la zambarau likatokea, na wifi mmoja akaguna, "Kumbe!" Akapita katikati ya magoti yao, na safari hii yalisogea.

Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, koti begani. Alisimama haraka.

"Wamesemaje?"

"Hawajasema. Wanatazamana."

"Na wewe?"

"Nimesema yote. Jioni turudi wawili tuongee na baba, hatuwezi kumwacha hivyo. Lakini sasa hivi nitembeze. Tangu asubuhi sijatoka nje."

Akampa mkono. Hawakuwa wamefika kona wakati dirisha la jikoni lilipofunguka, na sauti ya Shangazi ikavuma mtaa mzima.

"Dada Mkubwaaa! Chumvi iko wapi?"

Alisimama. Mdomo ulishafunguka wenyewe, jibu liko ncha ya ulimi. Fundi alimtazama.

Akaufunga mdomo, akamkaza mkono, wakakata kona.