Miwani Isiyopimwa na Helmeti

Duka la vifaa vya theluji pale Queenstown lilifurika hadi mlangoni. Anahera, fulana nyekundu ya kazi, nywele kazibana kwa penseli, alisimama mikono kiunoni mbele ya mteja mmoja.

"Miwani ya theluji haipimwi bila helmeti, kaka! Yako iko wapi?"

"Nyumbani, dada. Leo nimekuja na kichwa tu." Huyo alikuwa Fergus, mwoka pai wa mtaa wa pili, unga bado umo kwenye nyusi.

Anahera akamvalisha miwani. Loo, kijana alipendeza! Helmeti za kupimia zilikuwa pale pale kwenye rafu, lakini hakunyoosha mkono. Alitaka kuendelea kuutazama uso ule.

"Imekukaa," akasema.

Theluji mwaka ule ilichelewa. Mapenzi hayakuchelewa hata kidogo.

"Mwoka pai, umekula?"

"Nakula sauti yako, bibie."

Asubuhi mlima ulipofunguliwa kwa watelezaji wa theluji, Fergus alipiga simu akiwa kwenye lifti ya viti, anapanda kileleni. "Mpenzi, helmeti inaisukuma miwani chini. Inanibana pua, na kioo kinaingia ukungu."

Anahera akajua kosa liko wapi. Helmeti ilikuwa imeziba matundu ya hewa ya ile miwani. Akatazama dirishani: wingu lilikwisha kumeza kilele.

"Ukifika juu, rudi na lifti hiyo hiyo."

"Ah! Nimeingojea siku hii mwaka mzima!"

"Rudi, nasema!"

"Hata hatujaoana, ushaanza kunichunga kama mtoto?" Akakata simu.

Anahera akampigia. Haipokelewi. Akapiga tena na tena, wateja wanamsemesha, yeye hasikii. Kisha simu ikalia.

"Ana, sioni. Kioo ukungu, nje ukungu. Sijui njia imepita wapi."

"Usisogee! Vua miwani, kaa chini."

"Nimekaa."

"Fergus, nisamehe. Kosa ni langu. Sikukupima na helmeti kwa sababu nilitaka kukutazama uso." Machozi yalimtoka mbele ya wateja, asijali.

Akasikia kicheko, kidogo na kikavu. "Kumbe sura yangu ndiyo iliyoniponza! Basi adhabu yako, nikuoe."

"Shuka kwanza."

"Jibu sasa hivi, Ana. Naogopa."

"Nimekubali. Nioe."

Upepo ukavuma ndani ya simu, ukapita. Akasikia pumzi za Fergus zimesimama ghafla.

"Fergus? Vipi?"

"Wingu limefunuka." Alikuwa ananong'ona. "Usiniambie nisimame, mpenzi. Mbele ya miguu yangu hakuna mlima."

Anahera akavuta simu ya duka kwa mkono wa pili, akaanza kubonyeza namba ya waokoaji.

"Basi kaa hapo hapo, mume wangu," akasema.