Rais Aliyefuta Nyumba ya Jini

Saa nne asubuhi, mchana kweupe, mtu alibisha kutoka ndani ya nyumba isiyo na mlango. Raya alivua vipokea sauti masikioni, akavivaa tena. Ngo, ngo, ngo. Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye kompyuta yake, juu ya kisiwa kidogo cha mawe ndani ya gemu, na hakuna aliyewahi kuiwekea sauti yoyote. Abishaye hodi huwa yuko nje. Huyu alikuwa ndani, na alibisha kama mpangaji aliyesikia fununu kwamba nyumba inauzwa.

Fununu zililetwa na Lukman. Kampuni yao, ghorofani juu ya duka la nyavu pale Mkuyuni, ilikuwa na watu saba na gemu moja lililopendwa, Visiwa. Mwanzilishi wake, Okwach wa Shirati, alikuwa ameondolewa na wenye hisa, nafasi yake akapewa Lukman, mkwe wa mwenye hisa nyingi. Sifa nyingine hakuwa nayo. Okwach alijiita mkurugenzi tu. Lukman alisikia kwamba kampuni kubwa za magemu huko ng'ambo zina marais, basi naye akataka aitwe Rais. Rais wa watu saba na birika moja la chai! Akaandikisha cheo hicho mlangoni kwa herufi za dhahabu, akatandika zulia, akapiga marufuku viatu vyenye vumbi. Gemu lenyewe hakuwahi kuvuka hatua ya pili, ambayo watoto wa Buzuruga huivuka huku wakitafuna muwa.

Sasa alisimama nyuma ya Raya, mikono mfukoni.

"Hiyo nyumba ni ya nini? Haina mlango, haina pointi, haina tangazo. Futa."

Raya akashusha sauti. "Bosi, nakuomba. Hiyo usiiguse. Kuna anayekaa humo."

Hakuwa akitania. Mwaka mmoja nyuma jini alimpanda Raya. Kwa miezi miwili alikula dagaa wabichi na kusema kwa sauti ya kiume, hadi asubuhi moja kina mama waliokuwa wakifua walipomkuta anaingia ziwani, maji yamemfika kifuani, mwanawe mchanga amefungwa mgongoni kwa kanga. Waliwahi kumvuta. Mganga, Mama Sihaba, alipomuuliza jini anataka nini ili atoke, jini alisema anataka nyumba kisiwani, mahali asiposumbuliwa na mtu. Okwach hakuwa na kisiwa wala kiwanja. Alimjengea alichoweza, ndani ya gemu, tena bila mlango ili mchezaji yeyote asiingie. Wewe ungecheka. Jini hakucheka, alihamia, na tangu siku hiyo Raya akapata usingizi.

Alimweleza Lukman yote hayo kwa kunong'ona. Lukman alicheka hadi miwani ikamteleza puani.

"Dada, mimi nimesoma Malaysia. Majini yenu ya Mkuyuni hayaniwezi."

"Akikosa nyumba atarudi kwangu, bosi. Nina mtoto mimi."

"Basi mwambie aje akae kwangu. Ofisi yangu ni kubwa."

Princess, mchoraji wao, alijishika mdomo. Maneno kama hayo hayatamkwi hata kwa mzaha, kwa maana jini hangoji kukaribishwa mara mbili. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Lukman alimsogeza Raya kando, akaifuta nyumba kwa kidole kimoja, akarudi kwenye zulia lake akipiga mluzi.

Feni ikasimama, ingawa umeme ulikuwepo. Ikaja harufu ya jiwe lililolowa, kisha harufu ya udi, na hapakuwa na aliyewasha udi. Halafu kwenye spika ndogo ya Raya zikasikika nyayo zenye maji, chap, chap, polepole, na kabla hajaizima zikawa hazitoki tena kwenye spika bali sakafuni, zikapita chini ya meza ya Princess aliyekuwa amekunja miguu juu ya kiti akisali kimoyomoyo, zikazunguka birika la chai, zikarudi, zikasimama nyuma ya Raya, na Raya akasikia pumzi baridi kwenye kisogo chake, pale pale ilipoingilia mara ya kwanza, akamfikiria mwanawe aliyekuwa Buswelu kwa bibi yake, akauma kanga asije akapiga kelele, hadi nyayo zilipoondoka, chap, chap, zikaenda kwenye mlango wenye herufi za dhahabu, zikaingia bila kubisha.

Mluzi ukakatika.

Baada ya robo saa Lukman alitoka peku, suruali imelowa hadi magotini. Akamsalimia kila mmoja kwa jina lake, wote, hata mfagizi. Majina hayo hakuwa akiyajua.

Na hapa ndipo penye aibu. Jini alikuwa bosi mzuri. Aliwasikiliza watu, aliwaruhusu waende kula kwa wakati, alivuka hatua zote arobaini za gemu kwa kikao kimoja. Kweli hakupepesa macho, na alikunywa maji ya ziwa kwa ndoo. Watu wakasema kila kiongozi ana kasoro zake.

Princess ndiye aliyeona vibaya, akamwita Mama Sihaba. Alikuja Ijumaa adhuhuri na chetezo chake. Moshi wa kwanza tu ulipomfikia, Lukman alianguka kwenye zulia, na ile sauti yake ya zamani ikatoka, nyembamba, imejaa kilio.

"Dada Raya! Nipo huku, nasikia kila kitu. Nitoe, nakusihi."

Mama Sihaba alimvuta Raya pembeni. "Nikimtoa, hana pa kwenda. Nyumba iliyokwisha vunjwa haikubali tena, hata mkimchorea mpya. Atarudi anapopajua. Sema wewe, mwanangu."

Raya alimtazama Lukman aking'ang'ania zulia. Alimwonea huruma, kidogo, kama unavyomwonea huruma mtu aliyejikata kwa panga ulilomkataza asilichezee. Kisha akakumbuka maji kifuani na uzito ule mgongoni.

"Zima chetezo, mama."

"Raya!" Lukman alilia.

"Zima."

Moshi ukatawanyika. Kilio kikadidimia taratibu hadi hakikusikika. Aliyeinuka kwenye zulia alijikung'uta suruali, akamshukuru Mama Sihaba kwa adabu, akamsogelea Raya karibu mno. Akanong'ona, kwa ile sauti ambayo Raya aliwahi kuisikia ikitoka kooni mwake mwenyewe.

"Na mtoto wetu hajambo?"

Watu wote walikuwa wakitazama. Raya akajibu kwamba hajambo, bosi, ameanza kutembea.

"Mlete Jumatatu," jini akasema. "Hapa pana nafasi."