Mihuri Miwili ya Jumatatu

Alhamisi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mathilde alikutwa amekufa mlangoni pake katika makazi ya wakimbizi nje ya Nchelenge, kamba ya nailoni ya kufumia nyavu ikiwa bado shingoni. Mapacha wake walikuwa wamelala ndani. Inspekta Katongo aliwatoa mmoja mmoja, amewafunika nyuso kwa koti lake. Sufuria, simu na unga wa muhogo vilikuwa palepale. Mwizi gani huyo asiyeiba?

Mathilde alikuwa shahidi. Ng'ambo ya Ziwa Mweru, upande wa Kongo, aliwaona wanamgambo wakichinja watu ufukweni. Maelezo yake yalitunzwa na shirika moja la misaada katika hifadhi ya wingu, yaani mitambo ya mbali mtandaoni, yamefungwa kwa ufunguo ambao hata wenye mitambo hawakuwa nao. Wauaji hawakujua jina lake wala mahali alipokaa. Mtu aliwaonyesha mlango.

Mkuu wa kituo cha polisi alikuwa na jibu lake tayari. Jumatatu, akaunti ya Félix, mkalimani wa shirika, ilitafuta mara mbili kwenye majalada. Mara ya pili likatokea la Mathilde. Félix, mkimbizi naye, akatiwa ndani. Ijumaa angepelekwa mjini Mansa kwa kesi ya mauaji, na binti yake Plamedie, wa miaka tisa, asiye na mama, angebaki bila mtu.

"Haina miye, mukubwa," Félix alisema. "Jumatatu saa mbili nilishaenda Puta, ku ziwa, bantu balikuwa banafika na mitumbwi. Nilibakisha ordinatere, kompyuta yangu, wazi mu biro. Ile kosa ni yangu, naikubali."

"Nani alibaki pale?" Katongo aliuliza.

"Madame Florence na Rodwell. Basi."

"Nani alikuona Puta?"

"Bale ba mitumbwi. Balishatawanyika."

Katongo alimshuku Florence, mkuu wa ofisi. Ndiye mwenye ufunguo, na alijibu maswali akiangalia dirisha.

"Nionyeshe neno lililotafutwa," alimwambia.

"Siwezi. Neno linageuzwa muhuri, yaani mfuatano wa tarakimu na herufi, kabla halijatoka kwenye kompyuta. Kule kwenye wingu muhuri unalinganishwa na muhuri. Hakuna anayesoma neno, wala jalada halifunguki. Anayetafuta anapata namba ya jalada na namba ya kiwanja anachoishi shahidi tu."

"Kiwanja kinatosha kuua mtu."

Florence alimfungulia orodha ya mihuri ya Jumatatu.

"Neno lilelile linatoa muhuri uleule?" Katongo aliuliza.

"Kila mara."

Katongo akavuta kiti. Kama muhuri haufunguki, basi wangebahatisha maneno mpaka muhuri ufanane. Florence aliandika Mathilde: hapana. Jina la kijiji chake: hapana. Ndipo akaandika mapasa, neno la Wakongo kwa mapacha, na muhuri wa pili ukatokea, ule wa saa nne na dakika thelathini na moja.

Ulibaki wa kwanza, wa saa nne na dakika kumi na mbili, ambao haukuleta jalada lolote.

"Majalada yameandikwa na nani?" Katongo aliuliza.

"Félix. Yote."

"Basi Félix angeanza na mapasa. Huyu alianza na neno la kwao, likagoma. Wewe ni wa wapi?"

"Mongu," alisema Florence, na rangi ikamtoka. Aliandika neno la Kilozi, kisha la Kiingereza. Hakuna lililofanana. Katongo alimwonea huruma, akaivuta kibodi, akaandika nampundu, jina ambalo Wabemba humwitia mama wa mapacha. Muhuri wa kwanza ukajaa kwenye kioo.

Rodwell, karani wa kumbukumbu, mzaliwa wa Nchelenge, aliitwa saa tisa alasiri. Walizungumza Kibemba.

"Nampundu," alisema Katongo. "Kisha dakika kumi na tisa za kutafuta neno lingine. Naomba simu yako."

Rodwell aliiweka mezani bila kubisha. "Walimkamata kaka yangu Boyd akinunua samaki ng'ambo. Wakasema kuna mama wa mapacha aliyeona. Nisipowapa anakoishi, wataniletea kichwa cha Boyd kwa mtumbwi."

"Boyd yuko wapi?"

"Nyumbani. Walimrudisha jana. Hajui kitu."

"Ungekuja kwetu, Rodwell."

"Mngefanya nini?"

Katongo aliivuta simu upande wake. Aliifungua simu. Jumatatu, saa nne na dakika ishirini na sita, Rodwell alimpigia Félix kwa dakika moja.

Saa kumi na moja jioni Katongo alifungua mahabusu. "Toka, Félix. Rodwell amekubali. Alitumia akaunti yako."

"Rodwell?" Félix alisimama, akacheka kidogo kwa mshangao. "Lakini Rodwell ni rafiki. Hata Jumatatu alinipigia simu kule Puta. Alisema muke ya kaka yake alizala batoto babili pamoja, anataka kujua siye tunabaita namna gani. Nikamwambia: mapasa. Nikamupatia na félicitations, hongera…"

Katongo aliona maana ya simu ile ikimwingia Félix taratibu, akatamani angemwacha aondoke kabla hajasema neno.

"Hukujua," alisema.

Félix alikaa tena chini sakafuni.

"Plamedie iko anakungoja inje," Katongo alisema kwa Kiswahili cha Félix mwenyewe.

Mlango ulikuwa wazi. Félix hakusimama.