Vijipua Vimekula Sumu

Jirani, ambaye ni mfagiaji wa maabara, anaapa alimsikia mtaalamu akimwambia msusi, "Sumu, toka humu," na msusi akatoka kiatu mkononi, analia njia nzima. La kiatu ni chumvi yake mwenyewe. Kulia, msusi hakulia. Ila neno sumu jirani alilisikia kweli.

Walijuana kwenye foleni ya mitungi ya gesi. Mtaalamu aliinamia mtungi wa msusi, akaunusa, akasema unavuja, na kweli ulikuwa unavuja. Baadaye akamweleza kazi yake: anatengeneza vijipua, vipande vidogo vya kauri vinavyonusa gesi jikoni kabla moto haujawaka. Siku msusi alipompelekea chakula maabara, amevaa gauni la njano, nywele zinameremeta, vijipua thelathini vilizima pamoja, na ndipo neno lile likamtoka mtaalamu.

Wiki mbili zimepita. Mtaalamu kasimama mlangoni mwa saluni, shati halijaona pasi.

"Wanaume wananyolewa duka la pili," msusi alisema bila kuacha kusuka.

"Mpenzi, nisikilize."

"Sumu ina mpenzi tangu lini?"

Mteja akacheka. Akavutwa nywele, akatulia.

"Ni neno la kazi. Mafuta yako ya kupuliza yana silikoni. Mvuke wake ukigusa kijipua, hakinusi tena. Sisi husema kimekula sumu. Nilikuwa nazisema nywele."

"Nywele zilikuwa kichwani kwa nani?"

Mtaalamu akaingia hatua moja ndani.

"Mbele ya mfagiaji," msusi aliendelea. "Mtaa mzima wananiita Sumu. Na mafuta hayo ndiyo kazi yangu, mikono yangu iko hivi kila siku. Sasa unioe, kisha usiku nilale mlangoni nisije nikakupaka? Nimeshamwambia mama, shangazi yako asije kuposa Jumamosi."

Mtaalamu alikunja mikono ya shati, akanyoosha viganja vyote viwili juu ya kichwa cha mteja.

"Nipake."

"Ulisema aliyegusa mafuta haya hakanyagi maabara wiki nzima."

"Nilisema. Nipake, halafu mpigie mama. Shangazi aje."

Msusi alichukua kopo, akalitikisa, akavikwepa viganja, akazipulizia nywele za mteja, taratibu, mstari kwa mstari. Simu yake ilikuwa mezani, karibu na kitana. Mteja alimwangalia msusi kwenye kioo. Viganja vya mtaalamu bado vilikuwa wazi, vinasubiri.