Dau la Mbaé

Ndugu zangu wa Mutsamudu, na nyinyi wa Moroni, yaliyompata Mbaé mmeyasikia nusunusu barazani. Leo nayasimulia yote, maana vijana wetu naona wameshika njia ile ile.

Ilikuwa miaka ya mamluki, wale askari wa kukodiwa wa kizungu walioshika nguvu visiwani kwetu Komori. Mbaé alikuwa mpakuaji wa mizigo bandarini Mutsamudu, mtu mpole. Jioni alirudi na samaki, akala shelisheli na mkewe Nouriat na binti yao Moinafouraha, wakazungumza na kucheka hadi adhana ya isha. Nyumba ilikuwa ya Nouriat, kama ilivyo desturi yetu. Dhahabu iliyokuwa sandukuni Nouriat aliachiwa na mama yake, ikimngoja Moinafouraha aolewe.

Utulivu huo uliharibiwa na mpira. Mouzaoir, karani wa ghala, alikuwa akikusanya madau ya mechi. Alimfundisha Mbaé hivi: "Tenga fungu lako, lisiguse pesa ya chakula. Kila mechi weka faranga mia. Ukishinda, usiongeze. Ukishindwa, usiongeze. Fungu likiisha, umeacha."

Nouriat hakuridhika. "Baba Moina, kamari ni kamari hata ukiipima kwa kijiko."

"Mimi si mcheza kamari," Mbaé akajibu. "Mcheza kamari hana kipimo."

Na kweli, karibu mwaka mzima hakuzidisha dau. Wenzake walimaliza mishahara. Yeye alipoteza kidogo, akapata kidogo. Akaanza kujiona ana akili kuliko bandari nzima. Hapo, wasomaji, ndipo pa kuogopa.

Kisha akashindwa mfululizo, fungu likakauka. Wapakuaji wakamcheka: "Haya, mwalimu, kipimo kiko wapi?" Mouzaoir mwenyewe alimwambia aache. Lakini kicheko kile kilimchoma. Timu ya Mutsamudu ilikuwa inakwenda kucheza Moroni, na Mbaé aliwajua wachezaji wote, aliapa watashinda. Nouriat alipokwenda harusini kwa jirani, akafungua sanduku, akafunga dhahabu kitambaani, akapanda meli.

Uwanjani Moroni, mamluki mmoja alikuwa akipokea dau la yeyote anayeitetea Mutsamudu. Akaipima mikufu kiganjani, akaitia mfukoni. "Mkishinda, utaipata pamoja na thamani yake."

Mutsamudu ikashinda. Mbaé alikimbia huku akilia kwa furaha, akamkuta yule mzungu anapanda gari lake la jeep.

"Bwana, dhahabu yangu!"

"Dhahabu gani?"

Wenzake wakacheka, gari likaondoka.

Kwenye kituo cha polisi, askari alifunga mlango kwanza, ndipo akasema. "Kaka, mtu huyo akitaka, kesho sina kazi. Nenda kwa kadhi."

"Kwa kadhi nitasema nini? Kwamba nimecheza kamari kwa mali niliyomwibia mke wangu?"

Askari akamfungulia mlango atoke.

Mbaé aliporudi Mutsamudu, Nouriat alisikiliza hadithi yote.

"Timu ilishinda," Mbaé akasema. "Wallahi, ilishinda."

"Mwanao atavaa ushindi huo siku ya harusi yake?" Akamtolea nguo zake nje, akafunga mlango wa nyumba yake.

Watu wa mchumba wa Moinafouraha waliposikia, walisogeza siku, wakasogeza tena, mwisho wakaposa kwingine. Sasa Mbaé analala stoo kwa dada yake. Moinafouraha akikutana naye njiani humwamkia, kwa kuwa amelelewa vizuri, kisha hupita.

Funzo

Msidanganyike na dau dogo lisilobadilika. Kweli, anayeweka kiasi kile kile huchelewa kufilisika, lakini kipimo hicho hakina nguvu siku mtu anapokuwa na hasira na aibu, na siku hiyo itakuja. Mali ya mke na mtoto si fungu la mchezo. Tena mkumbuke: aliyenyang'anywa katika haramu hana mlango wa kubisha. Mbaé alishinda, na bado akapoteza kila kitu. Ambaye hajaanza, asianze.